Filamu zetu zina mengi, tuzipime kwa mizani ya haki

MAONI kuhusu filamu ni kitu ambacho Mkenya hutoa bila kuombwa. Kwa kinyozi, ndani ya matatu ya masafa marefu na hata penye foleni ya maji mtaani, hukosi mtu wa kukueleza kwamba filamu fulani ni moto wa kuotea mbali na nyingine haifai kutazamwa hata bure. Hilo ni jambo jema, kwa kuwa sanaa isiyozungumziwa huwa imekwisha kufa. Hata hivyo, ukitega sikio vyema utagundua kwamba filamu za ng'ambo hujadiliwa kwa kina, mhusika mmoja baada ya mwingine, ilhali zilizotengenezwa Nairobi, Mombasa au Zanzibar huhukumiwa kwa kauli moja tu: hizo za kwetu si filamu.

Makala haya yanadhamiria kueleza ni kwa nini hukumu hiyo haina msingi, na ni wapi penye ukweli kidogo ndani yake. Nitafanya hivyo kwa kupitia filamu na tamthilia chache za runinga ambazo nimezitazama au kuzirudia katika siku za hivi karibuni. Haya si maoni ya msomi wa sanaa. Ni ya mtazamaji wa kawaida anayeketi mbele ya runinga yake jioni baada ya kazi. Lakini maoni nayo yana adabu yake. Anayelalamika kwamba mchuzi haukukolea hana budi kusema ulipungukiwa na nini, iwe ni chumvi, nazi au moto.

Mtoto na ndoto yake

Nianze na iliyonigusa zaidi. Supa Modo, kazi ya mwelekezi Likarion Wainaina iliyoonyeshwa katika tamasha la filamu la Berlin mwaka wa 2018, ni hadithi ya Jo, msichana mwenye umri wa miaka tisa anayeugua maradhi yasiyokuwa na tiba. Mamake anamtoa hospitalini na kumrejesha nyumbani kijijini ili amalizie siku zake huko. Jo anapenda mno filamu za mashujaa wenye nguvu zisizo za kawaida. Siku moja dadake, Mwix, anamfanyia hila ndogo mezani: kichupa cha chumvi kinasogea, naye Jo anaaminishwa kwamba amekisogeza kwa nguvu za akili yake. Hila hiyo inakua hadi kijiji kizima kinajiunga na mchezo.

Uzuri wa filamu hii ni kwamba haiombi huruma ya mtazamaji. Ugomvi mkuu si kati ya mtu mwema na mtu mbaya, bali ni kati ya mama na binti yake mkubwa, ambao wote wawili wanampenda mgonjwa. Mama anataka mtoto alindwe, alale, apunguziwe maumivu. Mwix anataka mtoto aishi siku zilizosalia badala ya kuzisubiri ziishe. Nani amekosea? Hakuna. Mzazi yeyote aliyewahi kukesha karibu na kitanda cha mwanawe ataielewa pande zote mbili. Naye Stycie Waweru, aliyeigiza kama Jo, anacheza kama mtoto anayejua mengi kuliko watu wazima wanavyodhani, wala hatumii machozi kununua mioyo yetu.

Kasoro haikosi. Baadhi ya wanakijiji wamechorwa kijuujuu, wanaingia kuchekesha kisha wanatoka, na mtazamaji anabaki akitamani kujua ni akina nani hasa. Lakini ni filamu fupi, isiyotimiza hata dakika 80, na inajua mahali pa kukomea. Hiyo ni fadhila ambayo kazi nyingi ndefu zaidi hazina.

Mwas na lugha zake

Ya pili ni Nairobi Half Life ya mwaka wa 2012, iliyoelekezwa na David 'Tosh' Gitonga. Nimeirudia baada ya miaka kadhaa na kugundua kwamba haijazeeka. Mwas ni kijana wa mashambani anayeuza filamu za kunakili, naye huwavuta wateja kwa kuwaigizia matukio yaliyomo. Anafunga safari kwenda Nairobi akiota kuwa mwigizaji. Kabla hajapata pa kulala, wezi wamemwibia kila kitu, na usiku huo anajipata korokoroni ambako anaamriwa kusafisha choo kichafu kupindukia. Tangu hapo anaishi maisha mawili: mchana mwigizaji katika jumba la michezo ya kuigiza, usiku mmoja wa vijana wanaoiba vipuri vya magari.

Filamu hii ndiyo ya kwanza ambayo Kenya iliwasilisha kuwania tuzo ya Oscar katika kitengo cha filamu za lugha za kigeni, na Joseph Wairimu aliyeigiza kama Mwas alitawazwa mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka huo huo. Lakini sifa hizo si sababu yangu ya kuipenda. Naipenda kwa namna inavyoitumia lugha. Nyumbani Mwas anasema Kikuyu. Miongoni mwa vijana wa genge anasema Sheng. Kwenye jukwaa la wenye nacho anatakiwa kusema Kiingereza. Kila lugha ni mlango, na mwelekezi anatuonyesha kijana anayebadilisha lugha jinsi mtu abadilishavyo shati, huku akihofia kwamba siku moja atasahau ni shati lipi lililo lake. Ni Wakenya wangapi wasioijua hali hiyo?

Udhaifu wake ni kwamba wanawake wana nafasi finyu mno. Wapo ili wapendwe au wagombaniwe, na hatuambiwi wao wenyewe wanaota nini. Aidha, kuna wanaodai kwamba filamu hii inalichafua jina la jiji kwa kuonyesha uhalifu na polisi wanaokula njama na wahalifu. Mimi sikubaliani nao. Kioo hakilaumiwi kwa sura kinachoionyesha. Kinacholaumiwa ni kioo kinachoonyesha upande mmoja tu, na hii inaonyesha pia ucheshi, urafiki na bidii ya vijana wasio na kazi.

Vidonda vya taifa

Kuna kazi ambayo taarifa ya habari haiwezi kuifanya. Taarifa hutuambia watu wangapi wamekufa; filamu hutuketisha karibu na aliyebaki. Mfano mzuri ni From a Whisper ya Wanuri Kahiu, iliyotolewa mwaka wa 2008, miaka kumi baada ya shambulio la bomu la Agosti 7, 1998 dhidi ya ubalozi wa Marekani jijini Nairobi. Zaidi ya watu 200 walifariki Nairobi na maelfu kujeruhiwa, huku jiji la Dar es Salaam nalo likishambuliwa siku hiyo hiyo.

Badala ya kurudia picha za moshi na vifusi, mwelekezi anamfuata Tamani, msichana msanii ambaye hajaacha kumtafuta mamake aliyepotea siku ile, na Abu, afisa wa ujasusi ambaye rafiki yake alikuwa miongoni mwa waliolipua bomu. Abu ni Mwislamu, na rafiki yake pia. Uamuzi huo wa mwandishi wa hadithi una uzito mkubwa. Unatukumbusha kwamba imani moja inaweza kumlea mtu anayewalinda raia na kudaiwa na mtu anayewaua, na kwamba msiba ule haukuchagua dini. Filamu inarukaruka kati ya wakati uliopita na wa sasa, hivyo mtazamaji anayechezea simu atapotea njia. Hiyo si kasoro. Ni kuombwa umakini.

Fupi zaidi, lakini yenye makali, ni Watu Wote ya mwaka wa 2017. Kwa dakika 22 tu inasimulia kisa kilichotokea kweli. Mnamo Desemba 21, 2015, magaidi wa Al-Shabaab walisimamisha basi lililokuwa likielekea Mandera na kuwaamuru Waislamu wajitenge na Wakristo. Abiria Waislamu walikataa. Baadhi ya wanawake waliwagawia wenzao mitandio ili wasitambulike. Mwalimu Salah Farah, aliyepigwa risasi katika kisa hicho, alifariki mwezi uliofuata. Kukataa kwao hakukuwa jambo jepesi: mwaka mmoja awali, Novemba 2014, abiria 28 wasio Waislamu walikuwa wametolewa ndani ya basi jingine katika kaunti hiyo hiyo na kuuawa.

Filamu inamweka mbele yetu Jua, mwanamke Mkristo aliyefiwa na familia yake mikononi mwa magaidi, na ambaye sasa hawezi kuketi karibu na Mwislamu bila chuki kumpanda. Hapo ndipo ufundi ulipo. Lau mhusika mkuu angekuwa mtu asiye na kinyongo, hadithi ingekuwa mahubiri. Kwa kuwa ana sababu ya kuchukia, tunashuhudia chuki hiyo ikikutana na ukarimu ambao haikuutarajia. Filamu iliteuliwa kuwania tuzo ya Oscar ya filamu fupi mwaka wa 2018. Naiona ingefaa kuonyeshwa katika kila shule ya upili nchini, kisha wanafunzi waulizwe swali moja: ungekuwa ndani ya basi lile, ungefanya nini?

Nani anayesimulia?

Hapa kuna jambo linalohitaji kuelezwa, kwa sababu wengi huliona likiwa la aibu. Watu Wote ilielekezwa na Katja Benrath, mwanafunzi wa wakati huo katika chuo cha utangazaji na filamu cha jijini Hamburg nchini Ujerumani, ingawa waigizaji wake ni watu wa hapa na lugha zinazozungumzwa ni Kiswahili na Kisomali. Nazo Supa Modo na Nairobi Half Life zilitokana na ushirikiano wa kampuni ya One Fine Day Films ya Ujerumani, iliyoanzishwa na mwelekezi Tom Tykwer na Marie Steinmann, pamoja na Ginger Ink ya Nairobi.

Mpango huo ulifanya kazi hivi. Wataalamu kutoka ng'ambo waliandaa warsha jijini Nairobi na kuwafunza vijana wa Afrika uandishi wa hadithi, upigaji picha, unasaji wa sauti, uhariri na uigizaji. Baadaye waliohitimu walitengeneza filamu kamili chini ya uangalizi wao. Soul Boy ya Hawa Essuman ilitoka mwaka wa 2010, ikafuatwa na Nairobi Half Life, kisha Something Necessary ya Judy Kibinge mwaka wa 2013 inayohusu majeraha ya ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007. Veve ya Simon Mukali, inayozungumzia biashara ya miraa, ilitoka 2014, na Kati Kati ya Mbithi Masya ikafuata 2016. Ukizitazama kwa mpangilio huo utaona mkono ukizidi kukomaa.

Je, ni aibu kwamba Mjerumani alitutangulia kusimulia kisa cha Mandera? Nionavyo mimi, hapana aibu kwa aliyesimulia. Lawama ni kwa walionyamaza. Mabawabu wa hadithi zetu wenye fedha, zikiwemo benki, kampuni za simu na serikali zenyewe, hutumia mamilioni kufadhili mashindano ya michezo na matamasha ya muziki. Wakitengea filamu sehemu ndogo tu, tutasikia sauti zetu wenyewe zaidi. Mgeni anaweza kukusaidia kuimba, lakini wimbo wa kwenu unakuhitaji wewe.

Kwa nini nyingine hutia kero?

Sasa nigeukie upande wa pili, yaani ukweli uliomo katika malalamishi ya watazamaji. Mtu anapozima runinga baada ya dakika tano, mara nyingi hadhani kwamba kilichomkera ni sauti. Macho husamehe picha yenye giza au nyumba iliyopambwa visivyo, masikio hayasamehe. Mhusika mmoja akinong'ona na mwingine akivuma kama spika ya matatu, akili huchoka haraka, nasi tunasema filamu ni mbaya hata kama hadithi ni nzuri.

Sababu yake inaeleweka. Kunasa sauti safi kunahitaji mtaalamu, vifaa na mahali tulivu. Nairobi haina utulivu wa bure. Kuna honi, jenereta, mahubiri ya kanisa jirani na mvua juu ya paa la mabati. Mwenye bajeti ndogo hurekodi yote hayo pamoja na mazungumzo, kwa kuwa kurudia tukio kunamaanisha kulipa siku nyingine ya kazi. Mtazamaji akilijua hilo, halazimiki kusifu kibovu. Lakini anaweza kusema kwa usahihi: hadithi ni nzuri, sauti imewaangusha. Mtengenezaji wa filamu anayesikia hivyo anajua aanzie wapi kurekebisha.

Tamthilia za runinga zina tatizo jingine. Wakenya wa umri wangu walilelewa na Vitimbi na Vioja Mahakamani katika runinga ya taifa, ambapo Mzee Ojwang', yaani marehemu Benson Wanjau aliyefariki mwaka wa 2015, na Mama Kayai walituvunja mbavu kwa kisa kilichoanza na kumalizika jioni moja. Ikaja Tausi katika miaka ya tisini, ikatuzoesha kusubiri. Baadaye Papa Shirandula ya marehemu Charles Bukeko, aliyetutoka Julai 2020, ikaonyesha kwamba bawabu anaweza kuwa shujaa wa taifa.

Tamthilia ya kila siku ni mnyama tofauti. Chukua mfano wa Maria, iliyopeperushwa na Citizen TV kuanzia mwaka wa 2019 hadi 2021 na kutengenezwa na Jiffy Pictures ya Lulu Hassan na Rashid Abdalla. Msichana maskini, aliyeigizwa na Yasmin Said, anaingia katika nyumba ya matajiri na kuipindua kwa upendo na ukaidi wake. Mpango wa hadithi umefanana na wa tamthilia za Amerika ya Kusini ambazo zilikuwa zimetawala runinga zetu kwa miaka mingi. Lakini mambo mawili yaliifanya iwe yetu: Kiswahili chake chenye kiungo, na mtaa wake ambao kila mtazamaji aliutambua. Wiki za kwanza zilinifunga kitini. Baadaye hadithi ilianza kuzunguka palepale, mtu akitekwa nyara, akiokolewa, kisha akitekwa tena.

Kurefushwa huko hakutokani na uvivu wa waandishi. Kipindi kinachopendwa huleta matangazo ya biashara, na matangazo ndiyo yanayolipa mishahara. Kituo hakina haraka ya kuua kuku anayetaga. Hivyo mwandishi hujipata akiulizwa kila wiki jinsi ya kuahirisha mwisho. Mtazamaji akihisi anazungushwa, hajakosea. Dawa yake ni msimu wenye idadi maalumu ya sehemu, jinsi ilivyofanywa na Country Queen.

Ardhi, madini na mwana mpotevu

Country Queen ilianza kuonyeshwa Netflix Julai 2022, ikiwa tamthilia ya kwanza ya Kenya kubeba chapa ya jukwaa hilo. Ina sehemu sita pekee. Akisa, anayeigizwa na Melissa Kiplagat, ni mwandalizi wa hafla jijini Nairobi ambaye anarejea kijijini kwao Tsilanga baada ya miaka kumi na kukuta kampuni ya kuchimba madini ikiwang'oa watu katika mashamba yao. Nini Wacera, katika nafasi ya tajiri anayeiendesha kampuni hiyo, ameiba kila tukio aliloingia.

Kwa maoni yangu, nusu ya kwanza ina nguvu kuliko ya pili, kwa sababu mapenzi ya Akisa yanaanza kuifunika hadithi ya ardhi ambayo ndiyo yenye uhai. Lakini tamthilia hii inagusa mahali panapouma. Katiba ya Kenya inayahesabu madini kuwa mali ya umma hata yakiwa chini ya shamba la mtu. Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 ikaeleza jinsi mrabaha unavyopaswa kugawanywa: asilimia 70 kwa serikali ya kitaifa, asilimia 20 kwa kaunti na asilimia 10 kwa jamii inayoishi mahali yanapochimbwa. Mwanakijiji ambaye hajawahi kusikia takwimu hizo anaweza kuingiwa na swali baada ya kutazama: je, asilimia 10 yetu iko wapi? Filamu inayomfanya raia aulize swali kama hilo imetenda kazi yake, hata kama mapenzi ya mhusika mkuu hayakunivutia.

Lugha ya kuzungumza na mtazamaji

Suala la lugha halikwepeki. Mwandishi wa filamu wa Kenya ana chaguzi tatu ngumu. Akitumia Kiswahili sanifu bila uangalifu, wahusika husikika kama wasomaji wa habari. Akitumia Sheng, anapata uhai wa mtaa lakini maneno hayo huchakaa upesi, na mtazamaji wa Lamu au Mwanza huachwa njiani. Akitumia Kiingereza, anauza ng'ambo na kumpoteza nyanya yake.

Anayedhani Kiswahili fasaha hakiwezi kuzaa filamu hai na aitazame Vuta N'Kuvute ya mwelekezi Mtanzania Amil Shivji, iliyoonyeshwa katika tamasha la Toronto mwaka wa 2021. Imetokana na riwaya ya Adam Shafi yenye jina hilo hilo iliyochapishwa mwaka wa 1999. Ni Zanzibar ya miaka ya hamsini. Yasmin, msichana mwenye asili ya Kihindi, anamtoroka mume mzee aliyeozwa kwake, na njia yake inakutana na ya Denge, kijana anayepinga utawala wa Mwingereza. Kiswahili cha Unguja kinatiririka humo bila kujilazimisha, kwa kuwa ndicho wahusika hao wangekisema. Picha zake ni za kuvutia, ingawa mwendo ni wa taratibu na ucheshi mwingi wa riwaya umebaki vitabuni. Aliyeisoma riwaya ataisikitikia hasara hiyo. Asiyeisoma huenda akashawishika kuitafuta.

Funzo jingine linatoka mahali ambapo wasomi hawapendi kuangalia: vibanda vya video. DJ Afro alijipatia umaarufu kote nchini kwa kusimulia filamu za kigeni za mapigano kwa Kiswahili cha mtaani juu ya sauti asilia, jinsi Lufufu alivyofanya nchini Tanzania. Swali la hakimiliki lipo na si dogo. Hata hivyo, mafanikio yao yanathibitisha jambo moja: mtazamaji wetu hakuwahi kuikataa lugha yake. Alikuwa akiisubiri, na akaikimbilia ilipomfikia, hata ikiwa imevishwa picha za Hong Kong au Mumbai.

Kuhukumu bila kuona

Nimalizie mifano yangu kwa kisa cha Rafiki, filamu nyingine ya Wanuri Kahiu. Mwaka wa 2018 ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuchaguliwa kuonyeshwa rasmi katika tamasha la Cannes nchini Ufaransa. Kabla ya hapo, mwezi Aprili, Bodi ya Uainishaji wa Filamu ilikuwa imeipiga marufuku nchini kwa kuwa inasimulia mapenzi ya wasichana wawili. Septemba, Mahakama Kuu ilisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba, na watazamaji wakapiga foleni.

Wasomaji watatofautiana kuhusu mada yake, na ni haki yao. Ninachotaka kusema ni kwamba mjadala mkali zaidi ulifanywa na watu ambao hawakuwa wameiona hata dakika moja. Kuainisha filamu kwa umri ni jambo la busara. Mzazi anahitaji kujua kipi kinawafaa watoto na kipi ni cha watu wazima. Lakini mtu mzima anayetoa hukumu juu ya asichokiona hatofautiani na yule anayesema filamu zote za kwetu hazifai. Wote wawili wameifunga kesi kabla ya shahidi kuingia.

Mizani yenyewe

Basi mtazamaji apime vipi? Napendekeza maswali manne yasiyohitaji shahada. Kwanza, je, mhusika mkuu anataka nini, na je, nimeanza kumtakia akipate? Pili, je, wanazungumza jinsi watu wa mahali pale wanavyozungumza? Tatu, je, kilichonikera ni hadithi yenyewe au ni ufundi, kama vile sauti na mwangaza? Nne, je, baada ya kuzima runinga kuna kitu nimebaki nacho, liwe swali, kicheko au kumbukumbu?

Filamu inayofaulu maswali mawili kati ya hayo inastahili kutazamwa hadi mwisho. Inayofaulu yote manne inastahili kulipiwa, na hapo ndipo penye shida. Wengi wetu hungoja tuipate kwa rafiki, imenakiliwa. Kumbi nyingi za sinema za zamani jijini zilifungwa kwa kukosa wateja. Odeon leo ni jina la kituo cha matatu tu kwa vijana wengi. Msanii ambaye kazi yake inatazamwa na watu wengi lakini kulipiwa na wachache hatatengeneza ya pili, na sisi tutabaki tukilalamika kwamba filamu zetu ni chache na duni.

Jioni ya leo, kabla ya kugeukia tamthilia ya ng'ambo, jaribu moja kati ya hizi nilizozitaja. Huenda ukakubaliana nami, huenda ukanipinga, na kupingana huko ndiko kunakoikuza sanaa. La msingi ni kwamba kesho kwa kinyozi, ukiulizwa, useme ulichokiona na sababu ya kukipenda au kukikataa. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa, nao hawa wetu wamecheza vya kutosha.